Nikope Kikoba Ninunue f/1.2?

*Mimi ni kijana wa Inyonga, wilaya ya Mlele, mkoa wa Katavi. Kazi yangu ni picha: sendofu, harusi, ubarikio, mahafali. Siku hizi kuna kikundi cha wafuga nyuki wameniomba niingie nao porini usiku wakirina asali. Wanataka picha za kuweka kwenye lebo za chupa na bango la Nanenane. Kamera yangu ni Canon 700D niliyoinunua kwa mtu, na lenzi ni ile ile ya 18-55 iliyokuja nayo. Mchana sina shida. Jua likizama ndipo aibu inapoanza. Ukumbini picha zinatikisika. Nikipandisha ISO zinajaa chenga. Nikiwasha flashi ya kamera watu wanang'aa paji la uso na nyuma yao giza tupu. Kwenye sendofu ya juzi mama wa bibi harusi alisema mbele za watu kwamba simu ya mpwa wake imetoa picha nzuri kuliko kamera yangu.*

*Nimeulizia dawa, nikaambiwa ni lenzi yenye tundu kubwa, isiyozumu. Nimepata tatu. Kuna mtu Dar anauza Canon 50mm f/1.2L iliyotumika, bei yake ni kama ya pikipiki. Kuna muuzaji wa mtandaoni ana f/0.95 ya Kichina, mpya kwenye boksi, bei ya chini sana kuliko hiyo, na anasema inaona gizani kuliko paka. Rafiki yangu wa Mpanda ananiambia nisihangaike, ninunue 50mm f/1.8. Lakini hiyo ni nyepesi, ya plastiki, naiona kama ya kuchezea, na wateja wakiiona watanidharau. Kikoba chetu kimekubali kunikopesha hela ya f/1.2. Nichukue?*

*Mpiga Picha wa Gizani, Inyonga*

Mwanangu, nianze na hilo la simu, maana naona ndilo lililokuchoma. Mama yule hakukuonea. Simu nyingi za sasa zina lenzi ya f/1.8 au yenye tundu kubwa zaidi ya hapo, na usiku zinapiga picha kadhaa kwa mfululizo kisha programu inazichanganya kuwa moja. Wewe ulisimama pale na lenzi ambayo ukiivuta hadi 55mm inafunguka f/5.6, basi. Sensa ya kamera yako ni kubwa kuliko ya simu mara nyingi tu, ila nuru ya kuilisha ilikuwa haifiki.

Sasa jibu, kabla maneno hayajawa mengi. Usikope kwa ajili ya f/1.2. Ile f/0.95 isahau kabisa. Rafiki yako wa Mpanda amekushauri vizuri, nami nitamrekebisha mahali pamoja tu.

Ya f/0.95 naimaliza haraka. Lenzi hizo za bei nafuu, za 7Artisans, TTArtisan na wenzao, zimetengenezwa kwa ajili ya kamera zisizo na kioo ndani (mirrorless). Yako ina kioo. Kutoka pale lenzi inapofungwa hadi kwenye sensa, Canon ya aina yako ina milimita 44. Kwenye Canon zisizo na kioo umbali huo ni milimita 18 au 20, kutegemea maunti, yaani kifungio cha lenzi. Lenzi iliyopigiwa hesabu ya umbali mfupi namna hiyo, hata fundi akikuchongea pete ya kuifungia, itaona vitu vilivyo karibu kabisa na pua yake tu. Ukumbi mzima utakuwa ukungu. Tena nyingi kati ya hizo hazina mota: fokasi unazungusha mwenyewe kwa mkono, gizani, huku bibi harusi akiingia kwa kucheza. Mwulize huyo muuzaji ni ya maunti gani. Akikujibu kwamba inaingia kamera zote, umemjua.

Hiyo f/1.2L ni lenzi ya kweli, sina ubaya nayo. Canon waliitangaza mwaka 2006, wapiga picha wengi wa harusi wameipenda, na sura inayotoa huwezi kuisahau. Swali ni kama itakutoa kwenye shida uliyoniandikia, na hapo lazima tupige hesabu kidogo.

Namba ya f unaipata kwa kugawa urefu wa fokasi kwa upana wa tundu. Kwenye 50mm, f/1.2 maana yake tundu la milimita 42 hivi, na f/1.8 maana yake milimita 28. Nuru inayopita inafuata eneo la tundu, kwa hiyo namba unazizidisha zenyewe kwa zenyewe kabla ya kulinganisha. Ukifanya hivyo utaona kwamba kutoka f/5.6 unayotumia sasa hadi f/1.8 unapata nuru karibu mara 10. Kutoka f/1.8 hadi f/1.2 unaongeza mara 2 na robo. Tuseme ukumbini, kwa ISO 3200, lenzi yako inakulazimisha kupiga kwa sekunde 1/15. Mtu akigeuza shingo tu, amepotea. Kwa nuru ile ile, f/1.8 inakupandisha hadi karibu 1/150, na hapo mtu anayetembea unamkamata. Hiyo f/1.2 itakufikisha kama 1/320. Ni vizuri, lakini mtu aliyekwisha kukamatwa kwenye 1/150 hahitaji kukamatwa mara ya pili.

Tazama sasa bei. Canon 50mm f/1.8 STM ilipotoka mwaka 2015 iliuzwa Marekani kwa dola 125. Ile f/1.2L mpya imekuwa ikiuzwa zaidi ya dola 1,000 miaka yote. Huku kwetu bei zinapanda na kushuka na meli na ushuru, ila uwiano wenyewe haubadiliki sana. Nuru mara 10 ya kwanza ni ya bei rahisi. Nuru mara 2 inayofuata ndiyo inayotaka pikipiki, wakati mara 2 hiyo hiyo unaweza kuipata bure kwa kupandisha ISO kutoka 3200 hadi 6400 na kuvumilia chenga kidogo. Chenga kwenye picha iliyotulia mteja hazioni, hasa akiipokea WhatsApp. Mtikisiko anauona.

Na bado sijagusa bei nyingine, ambayo hailipwi kwa hela. Tundu likipanuka, sehemu ya picha inayoonekana wazi mbele na nyuma ya fokasi inakonda. Kwenye 700D, ukiwa na 50mm na mtu yuko mita 1.5 mbele yako, f/1.2 inakupa kama sentimita 4 za uwazi. Jicho la karibu likiwa kali, sikio tayari ni ukungu. Kwa f/1.8 unapata kama 6. Sasa fikiria kazi yako ilivyo. Bibi harusi anamlisha mumewe keki: nyuso mbili, mikono, uma, keki yenyewe, na nyuma yao wapambe waliolipiwa kushonewa sare na wanataka waonekane. Unamtaka nani awe wazi? Ukoo ukipanga mstari kwa picha ya pamoja, shangazi wa mstari wa nyuma hatakuelewa ukimwambia kwamba ukungu wake ni sanaa.

Hili si jambo la leo. Mwaka 1924 Wajerumani walitoa kamera ndogo iliyoitwa Ermanox, yenye lenzi ya f/2 iliyobuniwa na Ludwig Bertele. Kwa wakati ule tundu la namna hiyo lilikuwa ajabu, na mpiga picha Erich Salomon akaitumia kuwapiga wakubwa kwenye mikutano na mahakamani bila flashi na mara nyingine bila wao kujua. Lakini watu wale walikuwa wamekaa vitini. Baadaye, miaka ya 1960, Zeiss wakatengeneza lenzi 10 tu za 50mm f/0.7 kwa ajili ya safari za mwezini za NASA. Mwongozaji filamu Stanley Kubrick akanunua tatu, akazitumia kwenye filamu yake ya *Barry Lyndon* ya mwaka 1975 kupiga vyumba vilivyowashwa mishumaa peke yake. Ni picha za kustaajabisha. Ila ukizitazama kwa makini utaona waigizaji wamekaa, wanasogea polepole, hakuna anayeinuka ghafla. Uwazi ulikuwa mwembamba mno. Mtu akisogea mbele kidogo, amekwisha. Kubrick alikuwa na uwezo wa kumwamuru mwigizaji atulie na kurudia mara anazotaka. Wewe una mshereheshaji anayepiga kelele "kamera, kamera!" na mama mkwe anayekuja mbio na kitenge cha zawadi.

Kuna pia la kamera yenyewe, ambalo muuzaji wa Dar hatakuambia. Kamera zenye kioo zinapima fokasi kwa sensa nyingine iliyo chini, na mara nyingi lenzi na kamera zinapishana kidogo: kamera inaamini imeshika jicho kumbe imeshika ncha ya pua. Kamera za daraja la juu zina sehemu kwenye menyu ya kurekebisha tofauti hiyo. 700D haina. Kwa f/5.6 kosa hilo hulioni kamwe. Kwa f/1.8 unaliona mara moja moja. Kwa f/1.2 litakuharibia nusu ya kazi, na hiyo 50mm f/1.2L ina tabia yake nyingine inayojulikana: ukikaza tundu kidogo, kwenye umbali wa karibu, fokasi inahama. Hata macho yako hayatakusaidia, kwa sababu kioo cha kutazamia cha kamera za daraja hilo hakionyeshi ukungu halisi wa matundu makubwa namna hiyo. Unaona picha kali, unabonyeza, unafika nyumbani unakuta mambo mengine. Lenzi hiyo inataka kamera inayolingana nayo. Siku utakapopata kamera isiyo na kioo, inayotafuta jicho la mtu yenyewe na kulifuata, tutazungumza tena habari za f/1.2.

Sasa nimrekebishe rafiki yako. 50mm f/1.8 ni ununuzi mzuri, lakini kwenye 700D, ambayo sensa yake ni ndogo kuliko ile kamili, 50mm inaona kama 80mm. Ni nzuri kwa uso wa mtu, kwa bibi harusi akivishwa pete, kwa babu akitoa nasaha. Ukumbini, meza zikiwa zimebanana na kamati imejaza viti hadi mlangoni, utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta na bado meza kuu haijaingia yote. Urefu unaokaa vizuri kwenye kamera yako kwa kazi ya ndani ni 30 au 35. Sigma wana 30mm f/1.4 iliyotengenezwa kwa sensa za ukubwa huo, toleo la mwaka 2013, na ipo ya Canon na ya Nikon. Canon wenyewe wana 35mm f/2 yenye kituliza mtikisiko. Kituliza mtikisiko, nikuambie mapema, kinatuliza mkono wako, hakimtulizi anayecheza.

Usinisikilize mimi wala rafiki yako kuhusu namba hizi, zisikilize picha zako. Fungua kompyuta, chukua picha za sherehe zako za karibuni, tazama maelezo ya kila faili: yataonyesha ulipiga kwa milimita ngapi. Kama nyingi ziko kati ya 24 na 35, lenzi yako ni 30. Kama umevuta hadi mwisho muda wote, ni 50. Ukitaka uhakika zaidi, kwenye sherehe ijayo bandika selotepu kwenye pete ya zumu ibaki 30 kwa saa nzima, kisha 50 kwa saa nyingine, uone wapi unakwama. Ni jaribio la bure na linashinda maelezo yote ya wauzaji.

Ukichagua ile 50 ya Canon, angalia unauziwa toleo lipi. STM ya 2015 ina shingo ya chuma pale inapofungwa na mota tulivu. Ile ya zamani ya mwaka 1990, iliyoandikwa II, ni plastiki hadi shingoni, mota yake inalia kama cherehani, na gizani inatafuta fokasi mbele na nyuma mpaka tukio linapita. Wako wanaouza ya zamani kwa bei ya mpya. Na wakati wa kupiga tumia alama ya fokasi ya katikati: kwenye 700D hiyo ndiyo inayoona vizuri kuliko zile nane zilizoizunguka.

Kuhusu wateja kukudharau kwa lenzi ndogo: mteja wa Inyonga atakayejua tofauti ya lenzi kwa kuitazama ni mpiga picha mwenzako. Wengine wote wanangoja albamu.

Kwa sehemu ya hela iliyobaki, nunua flashi ya kuchomeka juu ya kamera, ile inayogeuka shingo. Naona kwenye barua umeitukana flashi, lakini uliyoitukana siyo hii. Flashi ndogo ya ndani ya kamera inampiga mtu usoni moja kwa moja, ndiyo maana paji la uso linawaka. Flashi inayogeuka unaielekeza dari au ukuta mweupe, nuru inarudi imetawanyika na laini. Malick Sidibé wa Bamako, Mali, aliyezunguka kwenye sherehe za vijana usiku kucha miaka ya 1960, alifanya kazi yake kwa flashi. Ile picha yake ya kijana na dada wakicheza, ya Krismasi ya mwaka 1963, imezunguka makumbusho ya dunia, na mwaka 2007 akapewa Simba wa Dhahabu wa Venice kwa kazi ya maisha yake. Hakuna aliyemwambia kwamba angekuwa na f/1.2 angekuwa bora zaidi.

Tatizo la kumbi zetu ni juu. Penye dari la jipsam jeupe huna wasiwasi. Penye bati tupu lenye kutu, au mapambo ya vitambaa vya zambarau kutoka ukuta hadi ukuta, nuru yako itarudi na rangi ya hayo na bibi harusi atakuwa zambarau. Hapo geuza flashi iangalie nyuma yako, ukutani, au mpe kijana wako ashike kitambaa cheupe kilichokunjuliwa pembeni. Chini ya turubai jeupe nje, elekeza juu, turubai lenyewe linageuka taa. Weka ISO 800 au 1600, tundu f/2.8 ili nyuso mbili ziingie kwenye uwazi, na ile lenzi ya f/1.8 itakusaidia hata hapo kwa sababu kamera inatafuta fokasi tundu likiwa wazi lote. Kumbe lenzi ya tundu kubwa inakufaa hata usipotumia tundu lake kubwa.

Nyongeza kuhusu taa, maana najua utakutana nazo. Balbu za LED za bei ya chini zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Jicho halioni, kamera inaona: picha inatoka na mistari ya giza na mwanga, au moja ya njano na inayofuata ya bluu. Ukiyaona hayo, usipandishe kasi ya shata. Rudi 1/100 au 1/50 na mistari itaondoka. Kwa hiyo zile kasi ambazo f/1.2 ingekununulia, ukumbi wenyewe huenda usikuruhusu uzitumie. Taa za DJ zina mambo yake, hizo usishindane nazo. Subiri zigeukie upande mwingine.

Nyuki sasa. Kazi hii nakuonea wivu kidogo, na kwa kweli ndiyo inayoitaka lenzi ya tundu kubwa kuliko sherehe zote. Warinaji wa huko kwenu wanaingia miombo usiku kwa sababu nyuki wetu ni wakali mchana. Mtu anapanda mti kwa kamba, mzinga wa gome uko juu, moshi umetanda, na mwanga uliopo ni wa mwenge na tochi. Hapo flashi ya kuelekeza ukutani haipo, ukuta haupo. Lakini hesabu ya uwazi inakuwa upande wako: mtu akiwa mita 5 juu ya mti, 50mm kwa f/1.8 inakupa karibu sentimita 70, mwili mzima wa mrinaji na mzinga wake. Ukichukua 30mm f/1.4 na ukasimama mita 3 kutoka kwa wanaopokea ndoo chini, unapata kama nusu mita. Tundu likae wazi lote bila woga.

Warinaji wenye uzoefu watataka mwanga mwekundu, na wana sababu. Karl von Frisch, Mwaustria aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha mapema karne iliyopita kwamba nyuki hawaioni rangi nyekundu. Tochi nyeupe wanaifuata, na aliyeishika ndiye anayeumwa. Kwa kamera mwanga huo ni mgumu. Katika kila vinukta 4 vya sensa, 1 tu ndicho kinachopokea nyekundu, vingine vinakaa bure, kwa hiyo chenga zinaongezeka na fokasi ya otomatiki inababaika. Kipimo cha kamera nacho kinadanganyika: kinakuambia picha ni ya giza wakati nyekundu imekwisha kuungua. Fungua ile histogramu yenye rangi tatu, uangalie mstari mwekundu usigonge ukuta wa kulia. Piga kwa faili za RAW, na nyumbani uzigeuze nyeusi na nyeupe. Moshi, kamba na mikono kwa nyeusi na nyeupe vinapendeza kuliko unavyofikiri.

Usitegemee kutazama kwenye kitundu cha kamera ukiwa umevaa wavu usoni. Kioo cha nyuma cha 700D, kile cha kutazamia picha, kinafunguka pembeni na kugeuka. Kifungue, kipunguze mwanga hadi chini kabisa, maana nacho ni taa ya kuita nyuki. Fokasi iweke mapema: mwombe mmoja amulike shina la mti kabla mzinga haujaguswa, ushike fokasi hapo, kisha uhamishe swichi ya lenzi kwenda MF ibaki ilipo. Kamera nyeusi ifunge kitambaa cheupe, kwa sababu nyuki wanaposhambulia wanapenda vitu vyeusi. Na usiende na manukato ya harusi mwilini. Simama pale utakapoambiwa na mrinaji, usijitafutie mahali pazuri mwenyewe.

Ila picha ya lebo usiitafute usiku huo. Mnunuzi anataka kuona rangi ya asali, na chini ya taa nyekundu asali yote ni nyekundu. Asubuhi chukua sega, sahani nyeupe, meza kivulini, kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, tundu f/8, na ile lenzi yako ya 18-55 unayoidharau. Kwa kazi hiyo inatosha kabisa. Za usiku zipeleke kwenye bango, ndizo zitakazowasimamisha watu Nanenane.

Kama utanunua lenzi iliyotumika, imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma huku ukitazama kutoka mbele. Nyuzi nyembamba kama za buibui ndani ya kioo ni ukungu unaoota, ulioletwa na unyevu, na hauishii hapo ulipo. Mikwaruzo midogo ya kioo cha mbele haina neno. Ifunge kwenye kamera, ipige kwa tundu lote wazi ukilenga neno moja la gazeti lililolazwa mezani kwa mshazari, ukuze picha uone kama neno ulilolenga ndilo lililo kali. Ukiwa Inyonga na lenzi iko Dar, tafuta ndugu akufanyie hayo akiwa na mwili wa Canon mkononi, kabla shilingi haijatoka. Video ya muuzaji akizungusha lenzi mezani haikuambii kitu. Na ikishafika, wakati wa kiangazi usibadilishe lenzi barabarani. Lile vumbi jekundu likikaa kwenye sensa utaliona kwenye kila gauni jeupe.

Tubaki na kikoba. Ukijumlisha 50mm f/1.8 na flashi ya kawaida inayogeuka, hata zikiwa mpya, hufiki hata nusu ya bei ya ile f/1.2L. Kama sherehe mbili tatu zijazo zinaweza kulipia, usikope kabisa. Kama kompyuta imekuambia unahitaji 30mm f/1.4, hapo mkopo mdogo una maana, mradi uombe kiasi hicho tu na si kile walichokubali kukupa. Chukua mkopo mavuno yakishaingia na hela ya tumbaku imeanza kulipwa, watu wakiwa wanaoana kila Jumamosi, na upange rejesho liishe kabla ya Januari. Mvua zikishika na ada za shule zikidaiwa, halafu Kwaresima ikifuata, wateja wako watapungua, na kikao cha kikoba hakitapungua.